Databesi ya majedwali kumi ni pesa ngapi?

Mimi ni fundi wa databesi, zile programu za kompyuta zinazoweka data ya biashara kwa majedwali, na hili swali huingia kwa simu yangu kila mara. Leo ni mwenye duka, kesho ni kijana ametoka chuo juzi na amepata mteja wake wa kwanza, sasa anataka kujua ataje ngapi asionekane mwizi na pia asionekane mjinga. Wote huwa nawajibu kitu kimoja na wote kinawakera: sijui, nionyeshe data kwanza, na mimi kuiangalia kuna ada.

Hapo ndo kelele huanza. Ati kuangalia tu unalipisha? Eeh, kuangalia tu. Ukitaja bei kabla hujaiona hiyo data umeuziwa mbuzi kwenye gunia, na mara nyingi ukifungua hilo gunia huyo mbuzi ni mgonjwa.

Huku kwetu Kisumu, na nikisema huku naweka pia Kakamega, Busia na Siaya juu wateja wangu wametapakaa, watu wamezoea kupiga bei ya kazi ya kompyuta kwa vitu vinavyohesabika kwa macho. Skrini ngapi, ripoti ngapi, majedwali mangapi, sasa mtu akishajua ni kumi anazidisha na elfu tatu anaona amemaliza hesabu. Shida ni kwamba majedwali hayali siku za mtu. Jedwali la wateja nalitengeneza kabla chai ipoe. Kinachokula siku ni yale mambo yanatakiwa kuingia ndani ya hilo jedwali, na hayo mteja hajawahi kuyaangalia vizuri hata siku moja, yeye anajua tu "tuko na data kwa Excel, imepangwa vizuri sana".

Haya tuangalie hiyo imepangwa vizuri. Chukua agrovet iko na duka tatu, Kisumu, Ahero na Luanda (ile ya Vihiga), inauzia wakulima dawa, mbegu na chakula cha kuku kwa deni. Kila duka lina faili yake ya Excel na kila faili ina mtu wake anaijaza. Fungua safu ya namba za simu tu, usiende mbali. Wa Ahero aliandika namba kama kawaida akianza na 07, Excel ikaona hiyo ni hesabu ikatoa sifuri ya mbele, sasa namba zote zinaanza na 7. Wa Luanda alikuwa mwangalifu akaanza na +254, Excel ikaona tarakimu ni nyingi ikamwonyesha 2.547E+11, na yeye kuona hivyo akadhani namba zimepotea akaandika zingine kando kwa safu ya "maelezo". Wa Kisumu anaweka namba mbili kwa kisanduku kimoja, katikati mkwaju (/), halafu neno "ya bwanake". Alafu kuna zile zinaanza na 01 ambazo zilianza kutolewa 2019, hizo kuna mtu aliweka sharti kwa faili kwamba namba lazima ianze na 07, kwa hivyo wakulima wa 01 wote wameandikwa bila simu kabisa.

Hapo bado hatujagusa majina. Achieng Rose, Rose Achieng, R. Achieng, na chini kabisa "Mama Brian". Hao ni watu wanne ama ni mtu mmoja? Mmoja anadaiwa 4,200, mwingine amelipa zaidi kwa 1,000. Ukiwaunganisha na kumbe si mmoja, umemlipia mtu deni la mwenzake, na ukiwaacha na kumbe ni mmoja, mkulima ataitishwa pesa ambayo ashalipa. Hakuna programu itakuambia jibu. Jibu liko na yule dada wa kaunta pale Ahero anayemjua Mama Brian kwa sura, na ili ulipate lazima ukae naye chini na karatasi wakati hakuna wateja, yaani baada ya saa nane mchana, akiwa na mood.

Na tarehe, jameni. Kompyuta ikiwekwa mpangilio wa Marekani, ukiandika 03/04/2023 ukimaanisha tarehe tatu Aprili yenyewe inasoma tarehe nne Machi, inaipokea vizuri, inaisogeza kulia kwa kisanduku, hailalamiki. Ukiandika 25/04/2023 inashindwa juu hakuna mwezi wa 25, inaiacha kama maandishi tu, inakaa kushoto. Kwa hivyo ukiona safu ya tarehe zingine zimelala kushoto zingine kulia, usikimbilie zile za kushoto ukadhani ndo mbaya. Za kushoto ziko sawa, unajua alimaanisha nini. Za kulia ndo zimeharibika kimyakimya, na ukipakia hiyo faili kwa databesi bila kuangalia, madeni yatakuwa na umri wa uongo na mwenye duka ataanza kusumbua watu wasiostahili.

Sasa niambie hiyo kazi ni majedwali mangapi.

Ndo maana natoza ukaguzi kama kazi yake mwenyewe. Nachukua nakala ya data (nakala, si ile yenyewe), nahesabu rekodi, natafuta zinazojirudia, naangalia tarehe na namba, halafu nakaa kando ya yule anayejaza nione anajaza vipi mtu akiwa amesimama mbele yake na boda inangoja nje. Mwishowe natoa ripoti ya kurasa mbili tatu: hali iko hivi, kazi itachukua siku hizi, hiki sitagusa, bei ni hii. Hiyo ripoti ni ya mteja. Akitaka aipeleke kwa fundi mwingine amfanyie kwa bei ya chini, sawa kabisa, na kuna wamefanya hivyo. Wengine kwa hii kazi huwa wanakata ada ya ukaguzi kwa bei ya jumla wakipewa kazi, mimi sikati, juu ukaguzi ni kazi imeisha na imeshamsaidia mteja hata asiponipa ingine.

Kuna faida ingine hamtaambiwa. Mteja anayekataa kulipa elfu ishirini ya kuangaliwa data ni yule yule angekusumbua kwa laki na nusu. Anajichuja mwenyewe, wewe hujagombana na mtu.

Basi hizi bei zinatoka wapi. Hapa vijana ndo hunitoa jasho juu mtu anakuja ameuliza bei kwa marafiki watatu akachukua ya katikati, hajui kama hiyo bei inamlisha ama inamla. Piga hesabu yako wewe. Tuseme unataka ubaki na kama 75,000 mkononi kwa mwezi, baada ya kila kitu. Ili ubaki na hiyo unahitaji faida ya kama laki moja, kwa sababu ukifuata viwango vya kawaida vya KRA, wale watoza kodi wa serikali, ile asilimia 10 ya 24,000 ya kwanza, 25 ya 8,333 inayofuata, halafu 30 kwa inayobaki, ukitoa na ile nafuu ya 2,400, kodi inafika karibu 22,000. SHA, ile bima ya afya ya serikali, nayo inataka asilimia 2.75. Ongeza gharama za kazi: intaneti, data ya simu, nauli, seva ya majaribio, na leptopu, ambayo watu husahau kabisa kwamba inazeeka. Leptopu ya 90,000 ukiigawa kwa miaka mitatu ni 2,500 kila mwezi iwe unaiona ama huioni. Tuseme zote zifike 15,000. Umefika 115,000.

Alafu gawanya kwa siku. Si siku 22! Hakuna frilansa anauza siku 22 kwa mwezi, huyo angekuwa ameajiriwa. Kuna siku za kufuata pesa yako, za mikutano ambayo haikuwa na haja, za kujifunza kitu kipya, kuna siku Kenya Power wameamua tu kukata stima. Mimi huhesabu kumi na mbili. 115,000 kwa siku 12 ni 9,583, weka 9,600. Hiyo ndo sakafu. Chini ya hapo kila kazi unayopata inakurudisha nyuma, na kadiri unavyopata kazi nyingi ndo unavyorudi zaidi, na utakuwa unashangaa mbona uko bize na kodi ya nyumba hujalipa.

Kama wewe unaishi kwenu na matumizi yako ni madogo, namba yako itakuwa ingine, sawa, weka yako. Lakini usikose kuwa nayo.

Rudi sasa kwa ile agrovet. Tuseme ukaguzi umeonyesha kusafisha data itachukua siku sita, kubuni databesi yenyewe siku mbili, kuhamisha na kulinganisha hesabu siku mbili, kufundisha watu wa duka tatu siku tatu. Siku 13, mara 9,600, ni 124,800. Na majedwali yote, yale mteja alitaka kulipia kwa kuhesabu, yako ndani ya zile siku mbili. Juu yake naweka asilimia 20 ya yale ambayo hata ukaguzi haukuyaona, inakuwa karibu laki na nusu. Hiyo asilimia siifichi, naiandika kwa kwotesheni na jina lake. Nishaona watu wanaichanganya kwa bei za vitu vingine ili mteja asiulize, halafu mteja akiomba punguzo wanaikata hiyo hiyo kwanza, na wakipata shida katikati hawana pa kushika.

Na punguzo litaombwa, hata usijidanganye. Mtu ambaye Jumapili alikuwa soko la Kibuye akiulizia mashati hawezi kupokea bei yako Jumatatu akasema asante. Mimi sina shida na hilo, ila bei yangu ikishuka na kazi inashuka. Unataka laki? Sawa boss, basi nyinyi mtasafisha majina wenyewe, nitawapa orodha ya yanayofanana na mtaniletea ikiwa imeamuliwa. Ama tuache duka la Luanda kwanza. Ama data ya zamani tusiihamishe, tuanze na madeni ambayo bado yanadaiwa tu. Hilo la mwisho ni zuri kuliko watu wanavyodhani, mara nyingi ile historia ya miaka sita hakuna mtu ataifungua. Nikisema tu "haya tufanye laki" bila kutoa kitu, nimemwambia kwamba elfu hamsini ya kwanza ilikuwa ya kumjaribu.

Kutoza kwa saa sipendi, na sababu yangu ni moja. Kuna duka la jumla lilikuwa na ripoti ya kufunga siku, ile ya mauzo, inachukua dakika kadhaa kutoka na ikianza kutoka mashine zote za kaunta zinagandia hapo. Wafanyakazi wanangoja. Kufungua MySQL, programu ya databesi yao, na kuweka neno EXPLAIN (linaonyesha databesi inatafuta data vipi) mbele ya ile kweri, yaani ombi la ripoti, unaona wazi inasoma jedwali lote la mauzo tangu siku ya kwanza duka lifunguliwe ili kupata mauzo ya leo, hakuna indeksi kwa tarehe, ile orodha ya kutafutia haraka kama ya nyuma ya kitabu. Ukiweka indeksi moja ya tawi na tarehe, ripoti inatoka kabla mtu avute kiti. Hiyo ni kazi ya nusu saa, ukijumlisha na kuchukua bakapu (nakala ya akiba) kabla ya kugusa kitu. Kwa bei ya saa nitalipwa mia sita. Fundi asiyejua kuangalia hapo atahangaika wiki nzima, atawaambia wanunue seva mpya, na atalipwa zaidi ya mara kumi yangu. Kwa hivyo kazi za aina hiyo nina bei moja ya tatizo, nataja kabla ya kuanza, nisipolitatua silipwi isipokuwa nauli. Hakuna mtu amewahi kunilalamikia kuhusu dakika.

Kitu kingine kinabadilisha bei hata kama siku ni zile zile ni data yenyewe ni ya nini. Rekodi za wagonjwa wa kliniki si orodha ya kuku. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 iko na meno, faini inaweza kufika milioni 5 ama asilimia moja ya mauzo ya mwaka, ile iliyo ndogo, na mimi nikishika hiyo data niko ndani ya hiyo sheria pamoja na mteja. Kwa hivyo nalipisha zaidi: mkataba wa kuandika, disko imefungwa kwa nenosiri, kazi inafanyiwa kwa mashine yao, na nakala inafutwa tukimaliza. Mteja akinitumia faili ya wagonjwa kwa WhatsApp ili niangalie haraka haraka namrudishia bila kuifungua na tunaanza upya. Wengi huona naringa.

Soko nalo limebadilika, lazima tuseme. Mwanzo wa 2025 Marekani iliposimamisha pesa za misaada, hizi kaunti za ziwa ziliumia sana, miradi mingi ya afya ilikuwa huku, na kila mradi ulikuwa na watu wake wa data. Watu wazuri, wengine wameniacha mbali kwa hii kazi, ghafla wote wako nje wanatafuta chochote, na mtu mwenye karo ya kulipa atataja bei yoyote. Siwalaumu hata kidogo. Lakini nimeona kwotesheni ya elfu kumi na tano kwa kazi ya wiki tatu, na najua hiyo kazi itaachwa katikati akipata ajira, halafu mteja ataamini mafundi wote wa databesi ni matapeli. Kama uko kwa hiyo hali, afadhali uuze kipande kidogo kwa bei kamili, uuze ukaguzi peke yake kwa mfano, kuliko uuze mzigo mzima kwa bei ya nauli.

Wa kulipwa na dola mnajiona mko salama, hapana. Mwanzoni mwa 2024 dola ilikuwa karibu 160, kufika katikati ya mwaka iko karibu 130. Aliyekuwa analipwa dola 500 alitoka 80,000 akashuka 65,000 bila kupunguziwa hata senti. Piga hesabu ya sakafu kwa shilingi, halafu ndo ugeuze.

Malipo: mimi huchukua asilimia 40 kabla, 40 data ikiingia na hesabu za zamani na mpya zikilingana mbele ya macho yao, 20 baada ya wiki mbili za kutumia. Mteja wa kampuni ataitisha invoisi ya eTIMS, ule mfumo wa invoisi wa KRA, mpe, tangu Januari 2024 bila hiyo, gharama yake haikubaliki kwa kodi, kwa hivyo si kwamba anakusumbua. Ikifika 24,000 kwa mwezi atakukata asilimia 5 apeleke KRA. Hiyo si hasara, ni kodi yako imetangulia, lakini fuata cheti chake, ukikosa cheti ndo imekuwa hasara. Na databesi iwe kwa akaunti ya mteja tangu siku ya kwanza. Wale wanashikilia nenosiri ili walipwe wanatuharibia wote, kazi ya kukulinda ni ya dipoziti.

Bei ya shemeji. Hii ni fupi: ni bure ama ni kamili. Nusu bei kwa ndugu inamfanya aone amelipa, na wewe uone hujalipwa, na mtakutana kwa matanga mkiangaliana vibaya. Kanisa letu niliwafanyia bure na niliwapa invoisi imeandikwa bei yote, halafu chini punguzo la yote, wajue.

Matengenezo ya kila mwezi ndo watu wengi wanasahau kutaja kabisa, halafu wanapigiwa saa tatu usiku na wanaenda. Yataje siku ya kwanza, kando na bei ya kujenga. Na useme ni nini kiko ndani: kwangu mimi ni kuangalia bakapu na kuirudisha kabisa kwa mashine ingine kila mwezi kuona inafunguka, pamoja na maswali madogo ya simu. Ofisi nyingi ukiuliza bakapu iko wapi unaonyeshwa folda kwa disko D ya kompyuta ile ile, iko juu ya meza ile ile, hiyo inaungua nayo na inaibiwa nayo. Ripoti mpya si matengenezo, hiyo ina bei yake. Nawatoza matengenezo wateja wachache na ndo pesa inayonilipia nyumba mwezi ambao hakuna kazi kubwa.

Kupandisha bei kwa mteja wa zamani nimeulizwa pia. Usipandishe katikati ya kazi, hata kama umegundua ulijipunja. Subiri kazi mpya. Matengenezo nayo mimi huwaandikia Novemba kwamba bei ya mwaka ujao ni hii, wakinung'unika tunaongea vizuri kwa sababu kuna wakati. Ukingoja Januari uwaambie, wakati kila mtu ametoka ushago na anatafuta karo, hutapata mtu wa kukusikiza.